Nyekundu: Hakuna

4 Februari

Kocha,

Umefika salama au umemezwa na chuo? Wiki mbili hujaandika hata mstari. Najua utasema kwa nini nisipige simu. Simu sipigi, na kwenye lile kundi letu la simu siandiki kitu, maana limekuwa kijiwe. Juzi nilitaja pale kwamba mgongo unaniuma, asubuhi yake hadi mpishi wa jikoni ananipa pole. Mambo ya wodi yanataka karatasi na bahasha iliyofungwa.

Nafasi yako ya mazoezi ya viungo amewekwa binti kutoka wodi ya mifupa. Anajitahidi, ila anamshika Refa kama anabeba trei ya mayai. Siku ya kwanza tu Refa alimwonyesha kadi ya njano mara tatu, na mara ya tatu ninavyomjua ilikuwa kwa kupoteza muda.

Anakusalimia, huyo Refa. Leo ametimiza siku mia moja na kumi na mbili kitandani kwetu, bomba shingoni, na mashine pembeni inampumulia. Zile kadi ulizomkatia kwenye maboksi ya dawa, njano ya kusema nimechoka na nyekundu ya kusema inatosha nirudisheni kwenye mashine, bado tumemfunga nazo kwenye kifundo cha mkono kwa uzi wa bandeji. Mtu kachezesha mpira miaka ishirini na sita, bomba likamnyang'anya sauti, wewe ukamrudishia ile ya kazini kwake. Kwa hilo nakusifu. Mengine subiri.

Duara letu linakaa kama kawaida, saa mbili asubuhi, miguuni pa kitanda chake: Daktari, mimi, huyo binti, mtu wa lishe na mtu wa dawa. Ngazi yako ipo ukutani, kila kipandio saa moja zaidi nje ya mashine. Leo Daktari katukumbusha mwisho wake. Refa akifikisha saa kumi na mbili, anaandaliwa kwenda kwake. Akitolewa kwenye mpango, anapelekwa kule kwenye nyumba ya mashine, safari ya siku nzima, ambako hakuna anayehangaika kumwachisha mtu mashine, na mkewe ataonana naye mara moja kwa mwezi akijaliwa nauli. Aliyasema hayo pale pale, kwa sauti yake ile ya kanisani.

Jifunike vizuri, nasikia huko kuna baridi.

Shangazi yako wa zamu ya asubuhi


15 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa tunasoma mpaka macho yanaona mbilimbili. Kituo ni kikubwa, vitanda arobaini, wote ni wagonjwa kama Refa wetu: hawajafa, hawajapona, wamekaa miezi katikati. Wana vifaa ambavyo sisi tunaviona kwenye picha tu. Lakini nikuambie ukweli, kitu kimoja hawana. Hawana duara. Daktari anapita na lake, muuguzi na lake, wa viungo na lake, na mgonjwa anasukumwa huku na huku.

Nilipowaeleza tunavyofanya sisi, mwalimu wetu mkuu aliniomba niwasilishe kisa kimoja kamili mwanzoni mwa mwezi wa nne, mbele ya wakuu. Nimechagua Refa. Nimewaeleza na kanuni yetu ya nyekundu tatu, kwamba nyekundu tatu ndani ya wiki mgonjwa anashuka kipandio kimoja, na akishuka mara mbili anatoka kwenye mpango. Darasa zima waliinamisha vichwa wakaandika.

Sasa naomba kitu, na usininunie. Kila unaponiandikia, niwekee saa alizokaa nje ya mashine na nyekundu alizoonyesha. Chati wanaweza kunitumia, lakini chati inajazwa na watu wengi, wengine wanajaza wakiwa na haraka ya chai. Nakuamini wewe kuliko chati.

Mwambie Refa mguu wa kushoto auzoeshe. Anaufanyia uvivu akidhani sioni.

Kocha


2 Machi

Kocha,

Haya, hesabu zako. Wiki ya kwanza saa nne, nyekundu mbili. Wiki ya pili saa tano, nyekundu tatu, kwa hiyo tumemrudisha chini mpaka saa nne, na amebakiza kushuka mara moja. Umeridhika?

Siku ya nyekundu ya tatu nilikuwepo. Alikuwa ametoka jasho mpaka mto umelowa, mbavu zinahangaika. Aliishika ile kadi muda mrefu kabla hajaiinua. Nilimwona anaitazama, kisha ananitazama mimi. Alipoiinua nikamrudisha kwenye mashine, kifua kikatulia, na machozi yakamtoka. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, Kocha, aliyewahi kutukanwa na uwanja mzima asipepese jicho.

Kesho yake kwenye duara wakasema ameshuka. Binti wa mifupa alishusha kile kisumaku cha Refa kwenye ngazi ya ukutani mbele yake, tik, kama anafuta ubao. Mke wake alipokuja saa saba akauliza mbona kisumaku kimeshuka, nikamwambia ni mambo ya hesabu tu. Alikuwa amekuja na gazeti la michezo, akakaa kumsomea, na Refa hata hakumbishia kwa nyusi kama anavyofanya siku zote.

Unakumbuka ulichoniambia koridoni, asubuhi ile kabla kanuni haijapitishwa? Juzi nilikikumbuka. Basi, tuyaache.

Mguu wa kushoto anasema utaufanyia mazoezi wewe mwenyewe ukirudi.

Shangazi


20 Machi

Kocha,

Saa sita. Nyekundu: hakuna. Wiki ya pili hii mfululizo.

Sina mengi. Bomba la maji la wodi limepasuka, tunabeba ndoo. Daktari amepata miwani mipya na anajiona kijana. Mgongo wangu uko vilevile.

Soma.

Shangazi


3 Aprili

Shangazi, shikamoo sana.

Saa sita bila nyekundu, na juzi nimepata chati kutoka kwa Daktari: saa saba, na bado hakuna. Nimeinuka kwenye kiti nikatembea chumba kizima. Umemfanyaje huyu mtu? Nilitarajia afike hapo mwezi wa sita.

Nimewasilisha jana. Watu sitini ukumbini. Nilionyesha ngazi, nikaonyesha kadi, nikaonyesha zile wiki tatu zenye neno moja tu, hakuna, hakuna, hakuna. Mtu mmoja aliuliza siri ni nini. Nikamjibu kwamba siri ni timu ambayo kila mmoja anasema kweli mbele ya mwenzake. Walipiga makofi. Nilitamani uwepo. Nilikutaja, sikusema jina, nilisema muuguzi mmoja ambaye mwandiko wake unatosha kuwa ushahidi.

Kituo kinataka kuchukua mfumo wetu mzima, ngazi, kanuni na kadi. Nikirudi tutakuwa watu wa kutembelewa.

Kocha wako


9 Aprili

Kwa Kocha,

Mwanangu, habari za masomo? Mimi ni mke wa Refa, wa kitanda cha sita. Anwani yako nimepewa na binti wa mifupa. Samahani kwa mwandiko, nimeandika magotini.

Mume wangu anaendelea, wanasema anaendelea vizuri sana. Nami nashukuru. Lakini kuna jambo linanisumbua na sijui nimwambie nani. Ile kadi nyekundu uliyomtengenezea haipo. Ya njano ipo kwenye uzi wake, nyekundu haipo. Nilidhani imedondoka, nikaitafuta chini ya kitanda na kwenye kabati. Nikamuuliza yeye, akageuza uso ukutani. Nikamuuliza Shangazi, akaniambia, mama, usijali, mgonjwa haihitaji tena. Nikashukuru, nikaondoka, lakini njiani nikajiuliza, mtu akikosa pumzi atasemaje?

Shangazi ni mtu mwema kwetu, ndiye anayemnyoa ndevu. Sitaki nionekane nimemsengenya. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Mke wa Refa


14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nina swali moja na naomba jibu moja. Kadi nyekundu ya Refa iko wapi?

Nimepata habari kwamba haipo mkononi mwake. Kama haipo, basi ile "hakuna" ya wiki tano ni ya nini? Inawezekana kuna maelezo mepesi. Labda mmemkatia nyingine, labda anatumia kengele. Niambie hivyo nilale.

Kocha


21 Aprili

Kocha,

Barua yako imenikuta baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo nakujibu na mengine juu yake.

Ijumaa nilikuwa mapumziko. Waliweka muuguzi wa kuazima. Refa alikuwa kwenye kipandio cha saa nane. Saa tisa alasiri akaanza kugonga chuma cha kitanda kwa pete yake. Yule wa kuazima akaambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba mzee anapenda mpira, na kulikuwa na mechi redioni. Akamwongezea sauti ya redio. Akagonga tena, akaongezewa tena. Alipoacha kugonga wakadhani amefurahi.

Daktari alimkuta amekuwa wa bluu. Walimkandamiza kifua dakika tano. Mbavu mbili zimevunjika. Yuko hai, Kocha, nianze na hilo ingawa nimelichelewesha. Yuko kwenye mashine saa ishirini na nne, anatutambua, mkono wa kulia unatetemeka kidogo.

Jumamosi duara liliulizwa kadi iko wapi. Nilisema ilipotelea kwenye mashuka ya kufuliwa, na kwamba nilizembea sikukata nyingine. Daktari ameniandikia onyo na yameisha.

Wewe siwezi kukudanganya, umenijua miaka tisa. Haikwenda kwenye mashuka. Niliichukua mimi. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, baada ya kile kisumaku kushushwa. Iliendelea kukaa mfukoni mwa koti langu la kazini, na kila asubuhi nikiandika "Nyekundu: hakuna" nilikuwa naigusa. Nikiwa zamu nilikuwa namwangalia mwenyewe, jasho, mbavu, rangi ya kucha, akizidiwa namrudisha dakika chache kisha namtoa. Nilijidanganya kwamba macho yangu yanatosha. Sikufikiria siku ambayo sitakuwepo.

Usiniulize zaidi ya hapo. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Barua hii isome kisha ichane.

Shangazi


28 Aprili

Shangazi,

Leo sina shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nasimama pale pale, niliichukua mimi. Umemnyang'anya mtu kitu pekee cha kuomba msaada. Mtu asiye na sauti. Kisha ukaniandikia mimi "hakuna" kwa mwandiko ule ule ambao niliusifia mbele ya watu sitini. Ulijua nitawaonyesha. Uliniacha nisimame pale na uongo wako mkononi nikipigiwa makofi.

Kama angeonyesha nyekundu, angeshuka. Sawa. Angeshuka, angepanda tena, au asingepanda. Hiyo ndiyo kazi. Nani alikupa wewe peke yako ruhusa ya kuamua kwamba tusijue? Tulikuwa watu watano kwenye duara, kila mmoja akikuamini. Binti wa mifupa alipandisha visumaku kwa neno lako. Daktari alisaini kwa neno lako. Yule muuguzi wa kuazima, ambaye hakujua lolote, sasa anaamini kwamba nusura aue mtu kwa redio.

Na dakika za kumrudisha kwenye mashine kisha kumtoa, hizo nazo hukuziandika. Kwa hiyo hata saa zilikuwa za uongo.

Nimeumia, Shangazi. Sijui neno jingine. Nimemwandikia mwalimu mkuu kwamba hesabu zangu zifutwe. Aliniuliza nani alizikosea, nikasema mimi.

Kocha


7 Mei

Kocha,

Jumatatu Daktari ameniita ofisini. Onyo limefutwa, sasa kuna kikao cha nidhamu, Alhamisi tarehe ishirini na nane, saa tano asubuhi. Kuficha hali ya mgonjwa. Wanaweza kuninyang'anya leseni. Kwa sasa nimetolewa wodini, nipo stoo ya mashuka, nahesabu foronya.

Kwenye meza yake kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Mimi ndiye niliyeikunja. Hakuhitaji kunisomea.

Ungeniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko leseni. Uliniandikia kurasa mbili za kuumia, na siku ile ile au kesho yake ukatia barua yangu kwenye bahasha nyingine, na kwenye zile kurasa mbili hukugusia hata kidogo. Nilikuambia kile ambacho sikumwambia mtu mwingine yeyote duniani, nikakuomba uichane.

Sasa nikukumbushe na lako, kwa kuwa tuna mazoea ya kusema kweli. Mwezi wa kwanza, asubuhi ya kupitisha kanuni, nilikushika koridoni, karibu na lile sinki bovu. Nilikuambia, hii kanuni yako ya nyekundu tatu inamwadhibu mtu kwa kuomba msaada, na mtu akiadhibiwa kwa kuomba ataacha kuomba. Ukasema, Shangazi uko sahihi kabisa, nitalisema kwenye duara. Tukaingia. Nikalisema mimi. Daktari akauliza mwenye mpango ana maoni gani. Ulitazama viatu vyako. Walipopiga kura nilikuwa peke yangu, na wewe mkono wako ulikuwa juu pamoja na wao.

Sikukuchukia. Nilisema ni kijana, anatafuta njia. Lakini usiniambie habari za timu ambayo kila mmoja anasema kweli mbele ya mwenzake.

Refa ameondoka jana. Hicho kituo chenu kimekubali kumpokea, wajaribu upya taratibu, na mkewe wamempa chumba wiki sita. Waliuliza swali moja tu, kama mgonjwa ni mkweli kuhusu hali yake au anaficha. Kwa wanaoficha hawana nafasi. Daktari akawajibu kwamba kosa lilikuwa la muuguzi. Kwa hiyo amepata. Atakuwa mikononi mwako, mwangalie vizuri.

Shangazi


15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Barua yako niliituma mimi, tarehe ishirini na tisa. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaniandikia na nitabadili mawazo. Hiyo ndiyo sababu yote, haina uzuri wowote.

Refa alifika Alhamisi. Amekonda, lakini mguu wa kushoto umekaza, inaonekana ulikuwa ukimfanyisha. Jumamosi nilikaa naye na ubao wa herufi, ule anaogusa herufi moja moja. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba yako. Nilimwambia, mzee wangu, nasikitika Shangazi alikuchukulia kadi.

Akanitazama kama anamtazama mchezaji anayepinga uamuzi wake. Akavuta ubao. Ilimchukua karibu nusu saa, mkono unatetemeka, na nilipojaribu kumalizia neno alinichapa kwa kidole. Aliandika: NILIMPA MIMI.

Nikadhani nimesoma vibaya. Akaendelea. Kwamba kila asubuhi tulisimama miguuni pake tukahesabu nyekundu zake kwa sauti, tukataja nyumba ya mashine kwa sauti, kana kwamba bomba la shingoni limeziba na masikio. Kwamba alijua amebakiza kushuka mara moja. Alikata uzi kwa meno, akakuwekea kadi kwenye mfuko wa koti wakati unamnyoa, akakushika mkono hukuweza kuondoka mpaka ulipokubali. Na akakuomba usimwambie mtu. Aliandika: HASA KOCHA. Nikamuuliza kwa nini hasa mimi. Akaandika: UNGETII KANUNI.

Shangazi, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dharura. Nimekupa jina la mwizi na wewe ulikuwa umebeba siri ya mtu. "Niliichukua mimi," ulisema, na kweli uliichukua, kutoka mkononi mwake. Ulinidokeza kadiri ulivyoweza na sikutaka kuelewa. Sisemi kwamba ulifanya sawa kuandika "hakuna". Hukufanya sawa, na karibu afe. Lakini hukumwibia.

Nimeandika maelezo ya kurasa tatu kwa kikao: kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeitoa kadi, kwa hiari yake, na akakufunga kwa ahadi. Hayo yatakuokoa. Bahasha iko mezani kwangu, imeshafungwa. Niambie tu niitume.

Na uniambie kama umenisamehe. Sistahili, ila naomba.

Kocha


20 Mei

Kocha,

Marahaba.

Usiitume. Ichane leo, na safari hii uchane kweli.

Umekaa hapo miezi minne na hujui utaratibu wa kituo unachosomea? Ukiandika kwamba Refa alificha hali yake, nakala itaenda huko, na kabla ya wiki kwisha atakuwa kwenye gari kuelekea nyumba ya mashine. Mkewe atarudi kwake na begi moja. Nimekaa kimya mbele ya Daktari, nimekaa kimya mbele ya mume wangu, nahesabu foronya kwa ajili ya hilo, halafu wewe uje ulimalize kwa kurasa tatu za kunitetea? Alipokuambia wewe hakukupa ruhusa ya kulitangaza. Alikuambia kwa sababu ulikuwa umenisema vibaya mbele yake, naye hapendi mtu aonewe uwanjani.

Kosa langu nitalisema mwenyewe. Niliandika "hakuna" nikijua ipo. Nilimrudisha kwenye mashine nisiandike. Nilikwenda mapumziko bila kumwambia wa kuazima amtazame kucha. Kwa hayo wanipe wanachonipa, sitabishana. Yule binti wa kuazima nimemtafuta, nimemwambia kwamba redio haikuwa kosa lake. Alilia jikoni mpaka nikachelewa stoo.

Lakini ukweli una kipande kingine, na hicho hakimgusi Refa hata kidogo. Kipande hicho ni chako. Kwamba uliambiwa mapema kanuni itawanyamazisha wagonjwa. Kwamba ulikubali koridoni ukanyamaza ndani. Hilo ukilisema, kanuni itaondolewa, kwetu na huko walikoinakili, na hakutakuwa na mgonjwa mwingine wa kumwekea muuguzi kadi mfukoni. Litakugharimu. Wale sitini waliokupigia makofi watajua. Nafasi waliyokuahidi huenda isiwepo ukirudi.

Umeuliza kuhusu msamaha. Bado, Kocha. Nimejaribu jana na leo, bado. Nikikumbuka ile karatasi mezani kwa Daktari, napoteza hesabu ya foronya naanza upya. Huenda ukaja wenyewe, sikuwekei ahadi.

Usinitetee kwa barua, barua zako nimezichoka na zangu pia. Alhamisi hiyo ya tarehe ishirini na nane basi la kwanza linafika saa nne. Kikao ni saa tano, chumba kile kile cha mikutano, mlango wa pili. Wataniita kwanza. Baada yangu Daktari atauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema. Atauliza mara moja tu, unamjua.

Kiti sitakuwekea.

Shangazi